Ramani ya metro si ramani ya mji

Dhana: ramani ya metro, yaani treni za mjini zipitazo zaidi chini ya ardhi, inaonyesha mji ulivyo.

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Ramani ya metro ya London inayojulikana leo ilitokana na mchoro wa mchoraji Harry Beck, uliotolewa kwa abiria mwaka 1933. Beck alinyoosha njia, akapanua katikati ya mji ambako stesheni zimebanana, akafupisha masafa ya pembezoni. Aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua barabara inapinda wapi. Anataka kujua abadili treni wapi na ashuke wapi. Miji mingi imefuata mtindo huo, na ni mtindo mzuri mno, mradi usiutumie kupimia umbali. Stesheni za Leicester Square na Covent Garden mjini London, kwa mfano, zimeachana kwa mita 300 hivi. Ukiteremka, ukasubiri treni, kisha ukapanda tena hadi juu, aliyetembea kwa miguu amekwisha fika. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli, tazama kwanza ramani ya kawaida ya mitaa.

Jihadhari pia na kile kiduara kwenye ramani kinachoonyesha stesheni ya kubadilishia treni. Pale stesheni ya Châtelet, Paris, kiduara hicho maana yake ni ngazi na njia ndefu za chini kwa chini. Mwenye mizigo au mtoto mchanga heri achague safari yenye stesheni nyingi lakini isiyo na kubadili.

Dhana: ukishajua rangi ya njia, umemaliza.

Rangi haikwambii treni inaelekea wapi. Shika jina la stesheni ya mwisho ya upande unaokwenda, maana mara nyingi ndilo linaloandikwa kwenye vibao. New York kuna jambo la ziada: treni A na C zote zina rangi ya buluu, lakini mchana A huruka stesheni ambazo C husimama. Soma herufi.

Dhana: tiketi ni ya kuingilia tu.

Paris, itunze mpaka utoke, kwani wakaguzi hukutana nawe hata ndani. Berlin hakuna mageti, lakini tiketi ya karatasi isiyogongwa muhuri kabla ya kupanda hukuletea faini. London, gusisha kadi ya malipo kwenye mashine ya getini unapoingia na unapotoka, na iwe ileile: ukiingia kwa kadi ukatoka kwa simu, mashine itahesabu safari mbili ambazo hazikukamilika, na utatozwa zaidi.

Dhana: mji mkubwa, treni usiku kucha.

New York, ndiyo. Tokyo hapana. Ulizia treni ya mwisho, na kama utabadili njia, ulizia ya mwisho ya kila njia.

Dhana: behewa lolote ni la yeyote.

Cairo, Delhi na Dubai yapo mabehewa ya wanawake. Tokyo baadhi ya njia huyatenga saa za msongamano. Angalia alama sakafuni au mlangoni kabla hujaingia.

Dhana: ukipanda treni ya upande usio wako, lazima utoke nje na ulipe upya.

Mara nyingi sivyo. Shuka stesheni inayofuata, usipite getini, vuka hadi jukwaa la pili urudi ulikotoka. Ila New York zipo stesheni ambazo huwezi kuvuka ukiwa ndani; huko tulia kwenye treni hadi ufike stesheni kubwa ya kubadilishia, ndipo ugeuze.