Kali au Laini? Antibayotiki Huamuliwa na Umbo Lake

Wiki ya uhamasishaji kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, 18 hadi 24 Novemba, haipiti bila swali lile lile kutoka Mbagala hadi Tegeta, Dar es Salaam: kwa nini wataalamu msitengeneze dawa kali zaidi? Antibayotiki haipimwi kwa uchungu mdomoni wala kwa rangi ya kapsuli.

Tazama ukoo wa penisilini. Zote zina pete ndogo ya pembe nne, beta-laktamu, inayonasa kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kujenga ukuta wa seli yake. Ukuta ukilegea, bakteria hupasuka. (Virusi vya mafua havina ukuta huo, kwa hiyo dawa hizi haziviui.) Mkemia huiacha pete, akabadilisha vinavyoning'inia pembeni. Kundi la amino (atomi za nitrojeni na hidrojeni) liliipa ampisilini, mwaka 1961, uwezo wa kupenya utando wa nje wa bakteria kama E. coli. Hidroksili moja (oksijeni na hidrojeni) juu yake ikatoa amoksilini, inayofyonzwa vizuri zaidi utumboni. Methisilini, penisilini nyingine, ilivikwa vikundi vinene ili pete isikatwe na vimeng'enya vya bakteria, lakini mwaka huo huo wa 1961 Uingereza ikaripoti bakteria aina ya stafilokokasi walio sugu kwake. Bakteria hao hawakukata pete, walibadilisha kimeng'enya kinacholengwa.

Kwa hiyo anayesema dukani "amoksi imekataa, nipe ampi" anabadilisha jina tu. Bakteria anayeikata pete ya kwanza kwa kawaida huikata na ya pili.

Molekuli mpya haijaribiwi kwa binadamu hapa nchini Tanzania bila kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Vyote viwili, si kimojawapo, na barua ya kupokea maombi si kibali. Majaribio yakifaulu, bidhaa huombewa usajili kabla ya kuuzwa. Anayeuza dawa isiyosajiliwa anaweza kunyang'anywa mzigo, kushtakiwa, kutozwa faini, kufungwa, au faini na kifungo kwa pamoja.

Wapo pia wanaotuletea majani wakidai yameua bakteria kwenye sahani ya maabara. Hata jiki huwaua. Tunachotafuta ni kiambato kinachomlenga bakteria na kumwacha mgonjwa salama, na umbo lake lijulikane ili liboreshwe. Tunayapokea majani hayo kwa heshima, ila anayetoa tiba hiyo kwa wagonjwa ajisajili kwanza Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.