Nyanya za Januari haziumwi, zinakosa usiku wa baridi

Jirani yangu alihamia Mbagala akitokea Lushoto. Novemba alipanda nyanya uani, akaweka samadi ya kutosha, akamwagilia bila kukosa. Majani yakanawiri, maua yakajaa. Katikati ya Januari akanigongea geti. "Bibi shamba, shikamoo. Naomba unitajie dawa. Maua yote yanadondoka."

Nikaenda kutazama. Niligeuza majani nikitafuta kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani ya nyanya, na inzi weupe, sikuona cha kutisha. Nikaokota ua moja chini. Kikonyo kilikuwa kimeachia pale penye kifundo, safi kabisa, bila jeraha la mdudu. Mmea wenyewe ndio ulioliacha.

Hiyo ndiyo habari ya nyanya huku pwani wakati wa kaskazi. Chavua yake huharibika mchana ukizidi nyuzi 32 hivi, na zaidi pale usiku unapokataa kushuka chini ya 21. Dar es Salaam ya Januari na Februari mchana hucheza kati ya 31 na 33, na usiku ni nadra kufika chini ya 24. Juu ya joto kuna unyevunyevu. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe likitikiswa na upepo au nyuki, na chavua inatakiwa iwe kavu ili imwagike. Hewa ikiwa nzito, inagandana. Ua lisilotunga mmea hauna haja nalo. Kule Lushoto, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, usiku unapoa, ndiyo maana mbegu ileile na mkono uleule vilimpa nyanya.

Kwa hiyo dawa hakuna, na inaniuma nikiona mtu anatoka duka la pembejeo na chupa tatu za kutibu kalenda.

Kaskazi ina mboga zake. Mchicha ni wa kwanza: una namna yake ya kutumia hewa ya ukaa ambayo haichoki na jua kali, na ndani ya wiki tatu au nne unaung'oa. Bamia nazo zinapenda joto. Loweka mbegu usiku kucha, na zikianza kuzaa chuma kila baada ya siku mbili kabla hazijawa ngumu. Kunde unachuma majani huku ukingoja mbegu. Matembele yanataka vipande vya mashina tu. Kabichi na karoti ziache zishuke na magari kutoka milimani.

Jambo ninalolirudia kuliko yote ni umbo la kitanda cha bustani. Watu wanatazama video za nchi nyingine, wanainua matuta. Kwenye mchanga wetu, tuta lililoinuka kiangazi hukauka kabla ya adhuhuri. Mimi kitanda changu cha kiangazi kiko chini kidogo ya usawa wa njia, ili kila ndoo ya maji ibaki pale ilipomwagwa. Masika yakikaribia nageuza: njia inakuwa chini, kitanda kinapanda juu. Mwagilia alfajiri, kwenye udongo, wala si kwenye majani, kwa sababu majani yanayolala na maji yanaalika ukungu. Kisha tandaza nyasi kavu au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina. Kama maji yako ni ya kisima, yaonje. Yakiwa na chumvi, maharage yatakusumbua. Mchicha na spinachi vitavumilia zaidi.

Mmea ukinyauka saa saba mchana, usikimbilie ndoo. Ukiamka wenyewe magharibi, lilikuwa joto tu. Usipoamka hata asubuhi na majani bado ni ya kijani, ukiwa ni wa jamii ya nyanya, bilinganya au pilipili, kata kipande cha shina karibu na ardhi ukitumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko bakteria. Ung'oe na mizizi yake, uuchome moto, na pale usirudishe mmea wa jamii hiyo. Kisu nacho kioshe kabla hakijagusa mmea mwingine.

Nilimshauri jirani ang'oe nyanya. Alinyamaza kidogo, na ninamwelewa, ile ni kazi ya miezi miwili. Mizizi ilipotoka ilikuwa na vinundu vya minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi, ambayo imejaa kwenye michanga ya pwani. Hapo ndipo jua la kaskazi linapofaa. Tulisafisha kitanda, tukalowanisha udongo mpaka chini, tukatandika nailoni inayopitisha mwanga, kwa maana nyeusi haipashi udongo vizuri namna hiyo, tukaibana kwenye udongo na kufukia kingo zote. Wiki nne hadi sita joto lililofungiwa humo hupunguza sana minyoo na mbegu za magugu kwenye kina cha shubiri moja hivi. Chini ya hapo joto halifiki, kwa hiyo baadaye usilime kwa kina na kuipandisha minyoo tena. Bamia tumezipanda upande wa pili wa ua, maana minyoo fundo inazipenda kama inavyopenda nyanya.

Miche atasia mwisho wa Aprili chini ya kibanda cha makuti, aipandikize masika yakiisha. Maua yatafunguka wakati wa kusi, usiku wa Julai ukishuka hadi nyuzi 19 hivi. Mbegu zilizobaki zimo kwenye kopo lenye mfuniko, pamoja na kiganja cha mchele uliokaangwa ukakauka, unyonye unyevu. Kopo lenyewe liko chini ya kitanda chake cha kulalia, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani.