Binadamu Bandia na Utu Wetu: Dhana Potofu na Ukweli

Tangu programu za akili unde (AI) zinazoweza kuzungumza zilipoingia katika simu zetu, swali la iwapo mashine inaweza kuwa mtu limetoka vyuoni likafika Kondele na Kibuye jijini Kisumu, na hata kwenye matanga ya Siaya na Vihiga, ambako vijana kwa wazee hulijadili hadi alfajiri. Ni vyema lijadiliwe. Hata hivyo, mengi yanayosemwa yamejengwa juu ya kipimo kimoja kibovu, yaani kwamba utu hujulikana kwa werevu na ufasaha. Kipimo hicho huikweza mashine hadi cheo cha mtu, na papo hapo humshusha binadamu aliyepungukiwa na nguvu za mwili au za akili.

Dhana: Kinachozungumza kama mtu kina hisia za mtu

Mwaka wa 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT nchini Marekani alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Programu hiyo ilitafuta maneno fulani katika sentensi ya mtumiaji, ikayageuza kidogo, kisha ikayarudisha kama swali, hivi kwamba aliyeandika kuwa ana huzuni aliulizwa ni kwa nini ana huzuni. Haikujua lolote kuhusu huzuni. Watu waliifungulia mioyo yao hata hivyo, na katibu wa Weizenbaum, aliyemshuhudia akiitengeneza kwa miezi mingi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Jambo hilo lilimshtua mwanasayansi huyo, na kwa miaka mingi baadaye aliendelea kuonya dhidi ya kuzikabidhi mashine kazi zinazohitaji huruma.

Programu za leo zina uwezo mkubwa zaidi, kwa kuwa zimefunzwa kwa maandishi mengi mno na hutunga jibu kwa kukadiria ni neno gani linalofaa kufuata lililotangulia. Zinapokupa pole kwa kufiwa, maneno hayo yametokana na watu halisi walioandika kuhusu misiba yao. Wanafalsafa wangali wanajadili iwapo siku moja mashine itaweza kuhisi. Lililo wazi ni kwamba ufasaha pekee si ushahidi wa hisia. Wapo vijana wanaoiambia simu mambo wasiyoweza kumwambia mama mzazi, nami naomba wasichekwe, kwa sababu upweke wao ni wa kweli na unahitaji mtu wa kuwasikiliza.

Dhana: Roboti ikipewa uraia huwa mtu

Mnamo Oktoba 2017, Saudi Arabia ilitangaza kwamba imeipa uraia roboti yenye sura ya mwanamke inayoitwa Sophia, iliyoundwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong. Tangazo hilo halikubadilisha chochote ndani ya mashine hiyo. Sheria inaweza kukipa kitu hadhi ya kisheria kwa manufaa ya shughuli za watu: Kifungu cha 260 cha Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010 kinazihesabu hata kampuni na vyama miongoni mwa watu, na ndiyo maana kiwanda cha sukari kinaweza kushtaki na kushtakiwa ingawa hakizaliwi wala hakifiwi. Uraia wa kuzaliwa nchini Kenya, kwa mujibu wa Kifungu cha 14, hutokana na mama au baba aliye raia.

Dhana: Wanasayansi wanakaribia kumuunda mtu maabarani

Mwaka wa 2010, kundi la Craig Venter nchini Marekani lilitangaza kwamba limeunda kwa kemikali vinasaba vyote vya bakteria mmoja, takriban herufi milioni moja (yaani vijenzi vidogo vya kemikali vinavyofuatana kama herufi katika maandishi), na kuvitia ndani ya seli ya bakteria mwingine aliyekuwepo tayari. Vinasaba vya mwanadamu vina herufi zipatazo bilioni 3. Kuhusu ubongo, safari ni ndefu vilevile. Yupo mnyoo mdogo mwenye seli za neva 302 tu, ambaye ramani ya mishipa yake ya neva ilichapishwa mwaka wa 1986, na mpaka leo hakuna aliyefaulu kuiga maisha yake yote kikamilifu ndani ya kompyuta. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86.

Dhana: Mtoto aliyetungwa kwa msaada wa maabara si mtu kamili

Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi, kwa sababu wanaodhurika nayo ni watoto. Louise Brown alizaliwa tarehe 25 Julai 1978 mjini Oldham, Uingereza, akiwa wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hiyo. Yai la mama yake na mbegu ya baba yake zilikutana ndani ya chombo cha maabara, kisha kiinitete kikarejeshwa tumboni mwa mama na kukulia humo kama mimba nyingine yoyote. Louise alikua, akaolewa, akazaa watoto bila msaada wa maabara. Hapakuwa na kitu bandia katika mwili wake. Katika vijiji vyetu, mwanamke aliyechelewa kupata mtoto husemwa pembeni kwa miaka, na anapojaliwa kwa msaada wa daktari, mtoto naye huanza kunong'onezwa kwamba ni wa kutengenezwa. Minong'ono hiyo haina msingi wowote wa kisayansi, na ni ukatili.

Wengine huogopa kwamba kwa kuwa kondoo Dolly alizaliwa Scotland mwaka wa 1996 kutokana na seli ya kondoo mwingine, mtu atakayenakiliwa vivyo hivyo atakuwa kivuli kisicho na nafsi. Hakuna ushahidi uliothibitishwa kwamba binadamu amewahi kunakiliwa. Hata hivyo, familia nyingi zina pacha waliotokana na yai moja, wenye vinasaba vinavyolingana karibu kabisa. Hakuna mzazi Mluo anayedhani kwamba Opiyo na Odongo ni mtu mmoja, wala Mbukusu asemaye hivyo kuhusu Mukhwana na Mulongo. Katika boma nyingi za Waluo na Waluhya, mtoto mchanga hupewa jina la jamaa aliyefariki kabla hajajua kutamka neno lolote. Anapokewa kama mtu akiwa bado hana werevu wa kuonyesha.

Dhana: Kifaa mwilini hupunguza utu

Arne Larsson wa Sweden alipandikizwa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo mwaka wa 1958, akiwa wa kwanza duniani. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 na akafariki mwaka wa 2001 akiwa na umri wa miaka 86, akiwa Arne yuleyule. Na iwapo kuongezewa kifaa hakumpunguzii mtu utu, kupotewa na kumbukumbu hakumpunguzii pia: mzee aliyesahau majina ya wanawe kwa sababu ya maradhi ya ubongo, ambaye pengine majirani husema amerogwa, angali baba na anastahili heshima ileile.

Dhana: Mashine ndiyo iliyoamua

Tunaposema hivi tunawaondolea watu wajibu wao. Programu inayokataa ombi la mkopo iliwekwa na kampuni, kwa masharti yaliyochaguliwa na watu. Sehemu ya 35 ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa Mkenya haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na hata katika hali hizo anapaswa kuarifiwa kwa maandishi, naye anaweza kuomba uamuzi huo ufikiriwe upya. Mwenye duka wa Ahero au Mbale aliyenyimwa mkopo namna hiyo aliandikie shirika husika, aulize uamuzi ulifikiwaje, na adai kujibiwa na mtu.