Je, wajua kwa nini kuvu ya kuua wadudu huzalishwa ndani ya kimiminika?

Kuvu kama *Beauveria bassiana* na *Cordyceps fumosorosea* haihitaji kuliwa ili iue. Spora, yaani mbegu zake ndogo sana, hunasa kwenye gamba la mdudu, huchipua, kisha uzi wake hupenya hadi ndani. Ukiikuza juu ya nafaka iliyopikwa, utasubiri takriban wiki mbili kupata spora. Ndani ya kimiminika, siku mbili hadi tatu zinatosha, kwa kuwa kila seli huelea katikati ya chakula na hewa, ikizaa seli laini ziitwazo blastospora.

Hewa ndiyo huamua mambo. Oksijeni ikipungua, kuvu hutanda nyuzi badala ya kuzaa blastospora. Nyuzi hufanya mchuzi, yaani kimiminika cha kukuzia, uwe mzito kama uji, na uzito huo huzuia oksijeni isiingie. Ukifika hapo, huwezi kurudi nyuma. Ndiyo maana chupa ya mililita 250 hutiwa mililita 50 tu na kutikiswa kwa mizunguko 300 au zaidi kwa dakika, kwenye nyuzijoto 28. Dawa ya kuzuia povu itiwe kwa matone machache, maana ikizidi nayo hupunguza oksijeni.

Kwa lita moja, tumia glukosi gramu 80 hadi 100 na unga wa mbegu za pamba gramu 25 hivi, pamoja na chumvi za fosfati na magnesi, pH (kipimo cha uchachu) ikiwa karibu 5.5. Ukibania unga huo, ambao ndio chanzo cha naitrojeni, mavuno huanguka. Chemsha kwa mvuke wa shinikizo, nyuzijoto 121, dakika 20, lakini glukosi ichemshwe peke yake: ikichemshwa pamoja na protini hugeuka kahawia na lishe huharibika. Anza na spora milioni 5 kwa mililita. Zikiwa chache, kuvu huchelewa na mara nyingi hujikusanya kuwa vidonge.

Kuvuna ni rahisi. Kukausha ndiko kunakoua. Blastospora zina ukuta mwembamba, hivyo zikikaushwa ghafla kwa hewa kavu nyingi hufa. Zichanganye na udongo wa diatomu (unga wa mabaki ya mwani mdogo sana), chuja, kisha zikaushe polepole kwa hewa yenye unyevu kiasi hadi maji yawe chini ya asilimia 5. Hifadhi kwenye pakiti isiyopitisha hewa, nyuzijoto 4. Kabla ya kunyunyizia, loweka kidogo kwenye mchuzi wenye sukari kwa saa 6, kisha hesabu kwa hadubini zilizochipua, maana idadi ya seli pekee haionyeshi ngapi zingali hai.