Kitabu cha Marehemu Baba Usikipeleke Kubaindiwa

Juma lililopita mteja wa aina ile ile alikuja tena. Sura ni nyingine, maneno ni yale yale. Huyu alitoka Makambako na basi la alfajiri, akakaa kwenye benchi la karakana yangu ya kujalidi vitabu hapa Mlandege, Iringa, tukasalimiana kamwene, tukaulizana habari za baridi, kisha akafungua kanga aliyofungia kitabu. "Fundi, kilikuwa kimechakaa mno. Nikaona aibu kukuletea hivyo hivyo, nikakipitisha kwanza stesheneri wakakibaindi vizuri. Sasa nipe bei."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Jalada gumu la bluu, kama la tasnifu ya chuo. Nikafungua, na ndani nikakuta picha za Vladimir Lebedev.

Kwa wasiomfahamu: Lebedev alikuwa mchoraji wa Urusi, alizaliwa 1891, akafa 1967, na katika miaka ya 1920 yeye na mshairi Samuil Marshak waligeuza kabisa sura ya kitabu cha mtoto kule Leningrad, mji ambao leo unaitwa St. Petersburg. Kabla ya hapo alikuwa amechora mabango ya mitaani ya wakati wa mapinduzi, na ujuzi huo akauingiza vitabuni: rangi chache bapa, mtu aliyejengwa kwa maumbo mawili matatu, na nyuma yake weupe mtupu wa karatasi. Kitabu alicholeta mzee wa Makambako ni kile cha mama aliyesafiri kwa treni na mizigo yake, sofa, sanduku, kikapu na kijibwa kidogo, na mwisho wa safari akakabidhiwa jibwa kubwa lisilo lake. Kilitoka mara ya kwanza 1926. Baba yake alisoma Leningrad miaka ya sabini, akakinunua kwenye duka la vitabu vilivyotumika, akarudi nacho nyumbani. Kimekaa kabatini miaka yote hiyo salama salimini, kikaja kuharibiwa kwa nusu saa na mtu mwenye nia njema.

Nimesema kuharibiwa na sirudi nyuma. Nieleze, kwa sababu dhana hii ndiyo inayoninyima usingizi kuliko zote: kwamba kitabu adimu kikishabaindiwa upya, kikapata jalada gumu na kingo zilizonyooka, thamani yake inapanda.

Inaanguka. Wakati mwingine inaisha kabisa.

Jambo la kwanza lililofanyika ni kung'oa pini mbili za mgongoni, pamoja na jalada la karatasi lililoshikwa nazo. Jalada lile Lebedev alilichora mwenyewe. Lilikuwa picha kama zilivyo picha za ndani. Tena kwenye vitabu vyembamba vya watoto vya enzi ile, mwaka, mchapaji na idadi ya nakala mara nyingi huandikwa jaladani, na hakuna ukurasa mwingine unaorudia habari hizo. Mashairi na picha za Lebedev na Marshak zilichapwa tena na tena baadaye. Kwa hiyo leo mnunuzi akiniuliza, "Hiki ni cha 1926 au ni chapa ya nyuma?" sina karatasi ya kumwonyesha. Nilimwomba mzee apige simu stesheneri papo hapo. Wakamjibu kwamba vipande vyote huchomwa kila Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jambo la pili ni kisu. Kila anayebaindi ana mashine ya kukatia karatasi, na mkono unamwasha kukata pande tatu ili kurasa zilingane. Sasa rudi kwenye ule weupe wa Lebedev. Weupe ule umepimwa. Hamali wa kwenye picha amesimama pale aliposimama kwa sababu kuna nafasi ya kiasi fulani kushoto kwake na kulia kwake. Kata milimita nane kila upande, na mtu aliyekuwa akitembea anakuwa kama amebanwa mlangoni.

Na Lebedev ana nafuu. Chukua kitabu cha mashairi ya Mrusi Mayakovsky kilichosanifiwa na msanii El Lissitzky, kikachapwa Berlin 1923. Kina mashairi 13 ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu, na Lissitzky alikata ukingo wa kulia ngazi ngazi, kama daftari la namba za simu, kila ngazi ikiwa na alama ya shairi lake, ili msomaji aweke kidole na kufungua shairi analolitaka pale pale. Picha za ndani zimejengwa kwa herufi za madini ya risasi na mistari ya mchapaji, rangi nyekundu na nyeusi. Mpe kitabu hicho fundi asiyejua: ataona ukingo haulingani, na ataunyoosha. Amekwisha kukata nusu ya ubunifu wa Lissitzky akautupa ndooni.

Au kile cha mshairi Vasily Kamensky cha 1914, kilichochapwa juu ya karatasi za kupambia kuta na kukatwa pembe ya juu kulia, hata kila ukurasa ukawa na pande tano. Au kile cha 1912 cha washairi Kruchenykh na Khlebnikov, ambacho mchoraji Natalia Goncharova alikibandikia jaladani umbo lililokatwa kwa karatasi, na nakala hii haifanani na nakala ile. Hawa walikuwa wakipingana makusudi na vitabu vya kifahari vya ngozi na dhahabu. Karatasi duni, pini, wino uliotapakaa: hiyo ndiyo kazi yao. Ukikivisha kitabu kama hicho suti, umemnyamazisha msanii wake.

Mimi mwenyewe najalidi, ndiyo kazi inayolisha watoto wangu. Biblia ya mama inayofunguliwa kila Jumapili, leteni nitaishona upya na itadumu kuliko mimi. Tenzi za kwaya, vitabu vya shule, leja za ushirika, leteni. Lakini kitabu ambacho msanii alisanifu hata jalada lake, kikilegea, kifunge kwa utepe wa pamba, kitie ndani ya bahasha safi, bahasha ndani ya boksi, basi. Pini zikiwa na kutu inayokula karatasi, fundi azitoe taratibu, ashone kwa uzi kupitia matundu yale yale, na pini azihifadhi kwenye kibahasha. Ukurasa ukichanika, mimi naubandika kwa gundi ya wanga wa ngano na karatasi ya Kijapani, kwa sababu gundi hiyo ikiloweshwa inaachia na fundi wa kesho anaweza kurekebisha makosa yangu. Gundi nyeupe ya seremala haiachii. Selotepu ndiyo adui mkubwa: baada ya miaka michache ule utando unabanduka, gundi inabaki imezama kwenye karatasi, ya njano na yenye kunata, na hapo hata mimi nashika kichwa.

Nikimaliza hilo, dhana nyingine potofu nazipitia kwa haraka.

Kwamba kila cha kale kina thamani. Hapana. Naletewa sana Biblia na vitabu vya nyimbo vya Kijerumani vilivyoachwa na wamisionari, kuanzia Rungwe hadi Kidugala. Vilichapwa kwa wingi, vingi viko hai, wanaovitafuta ni wachache. Vitunzeni kwa historia ya familia na ya usharika. Umri peke yake haununui kitu. Kinachonunua ni uchache wa nakala zilizobaki, hali zake, na uzito wa aliyekitengeneza. Vitabu vya watoto vya miaka ya 1920 ni adimu kwa sababu nyepesi tu: watoto walivisoma mpaka vikaisha.

Kwamba kikiandikwa "Raduga" ni hazina. Hili lina chanzo chake na silicheki. Leningrad ya miaka ya 1920 ilikuwa na nyumba ya uchapishaji ya mtu binafsi iitwayo Raduga, yaani upinde wa mvua, iliyoanza 1922 na kufungwa mwishoni mwa muongo ule. Ndiyo iliyotoa vitabu bora vya mwanzo vya Lebedev na Marshak, kile cha sarakasi na kile cha aisikrimu vya 1925 vikiwemo. Miaka mingi baadaye, 1982, Moscow ikaanzishwa Raduga nyingine, ya serikali, iliyomegwa kutoka shirika la uchapishaji la Progress. Hiyo ya pili ndiyo iliyotuletea hadithi za Kirusi kwa Kiswahili, zile zenye karatasi nzito na picha za kupendeza tulizosoma utotoni. Jina moja, nyumba mbili, zaidi ya miaka hamsini katikati. Kitabu chako cha Kiswahili kutoka Moscow kipende, mimi ninavyo kadhaa na siviuzi, lakini hakitakujengea nyumba Uyole.

Kwamba maneno yakiwa yale yale, chapa zote ni sawa. Kwa Lebedev hili ni kosa kubwa kuliko kwa msanii yeyote ninayemjua. Machi 1936 Pravda, gazeti la chama tawala cha Kisovieti, lilimshambulia hadharani, likawaita yeye na wenzake wapakaji rangi ovyo. Baada ya hapo mkono wake ulibadilika. Maumbo yale makavu yakaondoka, ikaja michoro laini yenye vivuli na nyuso za kawaida, na vitabu vya zamani akavichora upya kwa mtindo huo. Shairi ni lile, jina ni lile, mchoraji ni yule yule, lakini ukiweka mbili mezani utadhani ni watu wawili. Wakusanyaji wanatafuta za kabla ya 1936. Mimi huzihurumia hizo za baadaye, na nikizipata nazinunua pia.

Kwamba mwaka uliochapwa ndani unatosha kuthibitisha. Vitabu maarufu vya Lissitzky vimetolewa upya kama vilivyokuwa, Ujerumani, Marekani na Uingereza, na nakala hizo za kuiga hurudia kila kitu, mwaka wa kwanza ukiwemo. Kabla hujaniletea, nenda kwa wakala yeyote wa pesa umwazime ile taa ya kukagulia noti. Zima taa ya chumba, iwashe juu ya ukurasa. Karatasi iking'aa buluu na weupe, ina kemikali za kung'arisha ambazo zilianza kutumika kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo si ya 1923. Isipong'aa, usishangilie bado. Umevuka mtihani mmoja tu. Cha mzee wa Makambako hakikung'aa, na ndiyo maana jalada lililochomwa linaniuma zaidi. Mtihani wa pili ni kidole: herufi za risasi hubonyeza karatasi, na nyuma ya ukurasa utahisi vinundu vyepesi. Wa tatu ni lenzi ya fundi saa. Ukiona picha imeundwa kwa vidoto vidogo vilivyopangwa kama wavu, wakati asili yake ilikuwa rangi bapa, basi imepigwa picha na kuchapwa upya.

Kwamba sahihi ya msanii inamaliza mjadala. Mchoraji Salvador Dalí alisaini maelfu ya karatasi tupu, na watu wengine wakazichapa watakavyo. Nadhani hilo linatosha.

Kwamba picha zitauzika vizuri zikikatwa na kutiwa fremu. Siwezi kulizungumza hili kwa upole. Kuna kijana alikuja Mei na picha nne zilizokatwa za ukutani na kitabu chenye mashimo mkononi, akitaka nivirudishe pamoja. Haiwezekani. Tena wengine huogopa mkunjo wa katikati ya picha, wakadhani ni kasoro inayohalalisha kukata. Mchoraji Henri Matisse alipotoa kitabu chake cha picha 20 mwaka 1947, alitoa nakala 250 zenye maandishi na mkunjo katikati, na kando yake albamu 100 za picha tupu zisizokunjwa. Mkunjo ule ndio ushahidi kwamba picha imetoka kitabuni.

Kuhusu kuhifadhi nina neno kwa walioko Tukuyu na Rungwe, ambako mvua haijui msimu. Plastiki mnayofungia vitabu inafungia unyevu ndani. Karatasi ya kaki tuliyozoea kuvalishia madaftari nayo ina asidi, haifai kugusana na kitabu miaka na miaka. Glavu nyeupe mnazoona kwenye televisheni hazinisaidii; zinafanya vidole vizito na ukurasa unachanika. Osha mikono, ikaushe, shika. Ukikuta ukungu, usikianike juani, kwani karatasi itajikunja na rangi nyekundu itapauka. Kiweke wima kivulini, kurasa zimeachana kidogo, upepo upite siku mbili tatu, kisha toka nacho nje, vaa barakoa, uufagie ukungu mkavu kwa brashi laini ya rangi za maji, ukielekeza mkono mbali na mgongo wa kitabu.

Na unapokuja kwangu, njoo na kila kilichokaa pamoja nacho: barua, risiti ya duka, tiketi iliyotumika kama alamisho, picha ya baba akiwa na koti la baridi mbele ya bweni. Mzee wa Makambako alikuwa nayo hiyo picha. Nyuma yake kuna mwaka na jina la mji, kwa mwandiko wa baba, na nimemwomba aiweke kwenye boksi moja na kitabu.