Mary Louise Curtis Bok: mama aliyefuta ada kwa watoto wa muziki

Mimi nafundisha piano na nadharia ya muziki, na swali ninaloulizwa na wazazi kila muhula ni lilelile, mwalimu huyu mtoto kipaji anacho kweli, lakini hela ya kumwendeleza itatoka wapi? Nikiulizwa hivyo namkumbuka Mary Louise Curtis Bok wa Philadelphia kule Marekani. Sijasoma habari za mfadhili aliyelijibu hilo swali vizuri kama yeye, na wengi wanaomtaja wanaishia tu kusema alikuwa tajiri, akatoa.

Tajiri alikuwa, hilo halina ubishi. Alizaliwa 1876, baba yake Cyrus Curtis ndo mwenye majarida ya Saturday Evening Post na Ladies' Home Journal, na mama yake Louisa Knapp ndo mhariri wa kwanza wa hilo la pili. 1896 akaolewa na Edward Bok, mhamiaji kutoka Uholanzi ambaye tayari alishapokea kiti cha uhariri kutoka kwa huyo mama.

Ila hakuanza na shule ya watu wakubwa, alianzia Settlement Music School, kwenye mitaa ya wahamiaji kusini mwa Philadelphia, shule iliyoanza 1908 kwa kufundisha watoto piano kwa senti 5 tu. 1917 akatoa dola 150,000 wajenge jengo lao, kwa kumbukumbu ya mama yake. Na hapo ndo akaona jambo ambalo sisi walimu tunaliona kila siku, kwamba kuna watoto wachache wanafika mahali mwalimu wa mtaani hana tena cha kuwapa, na wanapofika hapo ndo hela ya nyumbani nayo inakata.

Kwa hiyo 1924 akafungua Curtis Institute of Music, jina la baba yake, akaanza na dola 500,000 kama mfuko wa wakfu. Hapa nisikilizeni vizuri maana ndo penye siri yenyewe. Hela ya wakfu hailiwi, inawekezwa na shule inaishi kwa faida yake, ni kama mnazi, unaangua nazi kila msimu lakini shina huligusi. Ndani ya miaka michache akaupandisha mfuko mpaka dola milioni 12 na ushee, na 1928 ada ikafutwa kabisa kwa kila mwanafunzi. Mwaka uliofuata soko la hisa likaanguka, uchumi ukaporomoka, shule nayo ikabanwa sana lakini ada haikurudishwa, na mpaka leo mtoto akiingia pale halipi ada. Mfadhili anayetoa kila mwaka akifa au akibadili mawazo basi na mtoto kaachwa njiani, huyu mama alifariki 1970 na wapigaji maarufu wa leo, wakina Hilary Hahn wa vayolini, Lang Lang na Yuja Wang wa piano, wote wamesoma pale miaka mingi baadaye.

Halafu walimu. Aliwaleta waliokuwa juu duniani wakati ule, mpiga piano Josef Hofmann akawa mkurugenzi kuanzia 1927, Carl Flesch na Leopold Auer kwenye vayolini, baadaye Fritz Reiner akawa anafundisha kuongoza okestra na ndo aliyemfundisha Leonard Bernstein, mtunzi na kiongozi wa okestra aliyevuma sana baadaye. Wanafunzi walipewa hadi piano kubwa za kufanyia mazoezi walikokaa, jambo ambalo mimi nalithamini kuliko majina yote hayo, maana kipaji bila chombo nyumbani kinadumaa.

Samuel Barber, mtunzi wa muziki, aliingia pale mwaka huohuo wa kwanza, ana miaka 14. Mama Bok ndo aliyemkutanisha na wachapishaji wa muziki, na 1943 akamsaidia yeye na Menotti, mtunzi mwenzake waliyesoma naye, kununua nyumba ya kutungia kazi zao. Na kuna George Antheil, kijana aliyetunga muziki wa makelele ya mashine na mapangaboi ya ndege, muziki ambao mama mwenyewe haukuwa ladha yake kabisa, lakini aliendelea kumtumia hela kwa miaka mingi. Mimi hili ndo nampendea zaidi, hakutaka kijana atunge anachopenda yeye.

Siwezi kumwandika bila kumtaja Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano Mmarekani mweusi, aliyefanya usaili pale 1951 akakataliwa, na aliamini mpaka mwisho kwamba ni kwa sababu ya weusi wake. Watu wa kwao Tryon walikuwa wamechanga hela asome. Ni kweli mtunzi George Walker, naye Mmarekani mweusi, alishahitimu pale 1945 na baadaye akapata Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani, lakini mlango kuwa umefunguliwa kwa mmoja haumaanishi ulikuwa wazi kwa wote. Kufuta ada kunaondoa kikwazo cha hela tu, wanaokaa upande wa pili wa meza siku ya usaili ni suala lingine na wafadhili wengi hawaliulizi. Shule ilimpa Nina shahada ya heshima 2003, siku mbili kabla hajafariki.