Ahadi ndani ya ahadi: dhana potofu kuhusu Promise za JavaScript

Promise, yaani ahadi, ni kitu kinachoshikilia jibu litakalofika baadaye, na `then` huipa funksheni ya kuendeshwa likishafika. Mwonyeshe mwandishi wa kodi `then` iliyo ndani ya `then` nyingine, atakwambia papo hapo kwamba kodi hiyo ni mbovu. Sikubaliani naye. Mara nyingi kinachoharibu mambo si kupachika, ni `return` iliyosahauliwa.

Tazama hii:

```
leteMtumiaji(id)
  .then(m => {
    leteOda(m.id).then(hifadhi);
  })
  .then(() => console.log("Tayari"))
  .catch(onyeshaKosa);
```

"Tayari" itachapwa kabla oda haijahifadhiwa. Funksheni ya juu haikurudisha kitu, kwa hiyo mnyororo wa nje haujui kuwa kuna ahadi ya kusubiriwa. Na `leteOda` ikifeli je? Ile `catch` ya mwisho, ambayo wengi hudhani inadaka kila kosa lililo juu yake, haitaona lolote. Kuanzia toleo la 15, Node.js (programu ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari) kwa kawaida huizima programu nzima kwa kosa la namna hii lisilo na wa kulidaka.

Weka `return` mbele ya `leteOda` na yote mawili yananyooka. Usiogope kupata ahadi iliyobeba ahadi. `then` huifungua yenyewe na kukupa kilichomo.

Baada ya hapo ndipo useme habari za usomekaji:

```
leteMtumiaji(id)
  .then(m => leteOda(m.id))
  .then(hifadhi)
```

Inapendeza, lakini hatua ya mwisho haimwoni tena `m`. Ukihitaji jina la mtumiaji kwenye risiti, kupachika ngazi moja ni halali kabisa, tena ni safi kuliko kutangaza kigeugeu kwa `let` huko juu na kuijaza njiani. Vilevile ukitaka kosa la hatua moja tu lishughulikiwe kivyake.

"Basi tumia `async` na `await`, yaishe." Maneno haya mawili, yanayoiwezesha funksheni kusubiri ahadi bila kuandika `then`, yalikuja mwaka 2017, miaka miwili baada ya Promise kuingia kwenye lugha yenyewe, na mimi huyachagua kwanza. Ila chini yake ni ahadi zilezile. Sahau `await` mbele ya `leteOda`, umerudi kwenye kosa letu la mwanzo, na `try`, inayodaka makosa, haitakuokoa. (Wala `await` haigandishi programu, husimamisha funksheni iliyomo tu.) `forEach` ndiyo mtego mbaya zaidi: ipe funksheni ya `async`, itaiita kwa kila kipengee cha orodha na kuondoka bila kusubiri hata ahadi moja. Kazi zikipaswa kufuatana kwa zamu, tumia `for...of`, zikiweza kwenda pamoja, `map` ndani ya `Promise.all`.

Hiyo `Promise.all` nayo husingiziwa kwamba ndiyo inayoanzisha kazi. Kazi zilishaanza pale ulipoziita. Yenyewe hungoja tu. Moja ikifeli, inakurudishia kosa hilo mara moja huku nyingine zikiendelea chinichini, na kama zinaandika kwenye hifadhidata, zitaandika.